Nakala ya zamani ya The Day of the Jackal yenye maswali ya penseli pembeni: ipi kweli, ipi chumvi? Karibuni

Mzee wa Kurasa

Wakuu, habari za jioni.

Nimeokota kitabu kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba barabara ya Samora, pale Posta. The Day of the Jackal cha Frederick Forsyth, jalada jepesi, toleo la kampuni ya Corgi la miaka ya sabini. Jamaa alianzia elfu kumi na tano, tukavutana, nikaondoka nacho kwa elfu sita. Mgongo una mipasuko, kingo za kurasa zimekuwa kahawia, na kona ya jalada la nyuma mende wamejilia. Ukurasa wa kwanza una muhuri uliofifia na mwandiko wa kalamu ya wino: jina la mtu (nalihifadhi, huenda wanawe wamo humu), halafu "Tabora, 1977".

Hadithi yenyewe wengi mnaijua tangu sekondari, kwa hiyo nisingeifungulia uzi. Kilichonileta ni penseli. Huyu bwana wa Tabora alikuwa akisoma na penseli mkononi, na kila alipotilia shaka aliandika pembeni. "Kweli?" "Haiwezekani." "Nani kamwambia?" Sehemu moja kaandika "Uongo mkubwa" na kupigia mistari miwili, kisha kurasa chache mbele karudi na neno moja tu: "Labda."

Kwa ambao hawajasoma, kwa kifupi. Ni mwaka 1963. OAS, jeshi la siri la Wafaransa waliokataa Algeria ipewe uhuru, wameshajaribu kumuua Rais Charles de Gaulle na kukwama. Serikali imewapenyezea watu hadi sebuleni kwao. Wakubwa watatu waliobaki wanakutana Vienna na kuamua kukodi mtu wa nje asiyekuwemo kwenye faili lolote la polisi wa Ufaransa. Anapatikana Mwingereza mmoja, bei yake dola nusu milioni, jina la kazi Jackal. Upande wa pili anatwishwa mzigo kachero mfupi, mpole, asiyefurukuta mbele ya mkewe, anaitwa Claude Lebel. Basi hao wawili wanatafutana mpaka Agosti 25.

Sasa penseli. Kitabu kinaanza na Luteni Kanali Jean-Marie Bastien-Thiry akifungwa kwenye mti na kupigwa risasi katika ngome ya Ivry, asubuhi ya baridi, Machi 11, 1963. Pembeni penseli inauliza: "Huyu alikuwepo?"

Alikuwepo. Alikuwa mhandisi wa jeshi la anga, fundi wa makombora, na ndiye aliyeongoza shambulio la Petit-Clamart la Agosti 22, 1962. Gari la rais, Citroën DS, lilimiminiwa risasi barabarani, matairi yakapasuka, dereva akazidi kukanyaga mafuta, De Gaulle na mkewe Yvonne wakatoka wazima. Bastien-Thiry ndiye mtu wa mwisho Ufaransa kuuawa na kikosi cha bunduki kwa hukumu. Tarehe, barabara, aina ya gari, vyote vimo kwenye kumbukumbu.

Na hapo ndipo ulipo ujanja wa Forsyth, ambao ndio hoja yangu ya leo. Hakupi uongo mapema. Anakulisha kweli tupu kurasa baada ya kurasa mpaka unaacha kuuliza, ndipo anamwingiza mtu wake wa kubuni. Penseli inaonyesha hivyo hivyo: sura za mwanzo bwana wa Tabora ana maswali kila anapogeuza ukurasa, katikati yanapungua, na tangu Jackal anapovuka mpaka kutoka Italia kuingia Ufaransa hakuna alama hata moja. Alishanaswa.

Maswali yake nitayaleta kidogo kidogo. Mwenye nondo ashushe.

Kinyozi wa Buguruni

Nipo siti ya mbele na karanga zangu. Shusha mzee.

Macho Matatu

Mzee usitufiche. Jackal alikuwepo, Ufaransa wakafunika. Forsyth alikuwa jasusi wa Uingereza na mwenyewe alikiri. Jasusi anaandika kitu anakiita riwaya, na nyie mnaamini ni riwaya? Tuache utoto.

Mzee wa Kurasa

Macho Matatu, nusu ya maneno yako ni sahihi na nusu ni chai.

Kukiri alikiri. Mwaka 2015 katika kitabu cha maisha yake, The Outsider, alisema aliwasaidia MI6, shirika la ujasusi la Uingereza, kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini kazi hiyo anasema ilianzia Biafra, lile eneo lililojitenga na Nigeria, mwishoni mwa miaka ya sitini. Mwaka 1962 na 1963 alikuwa kijana wa Reuters tu pale Paris, na kazi yake kubwa ilikuwa kumfuata De Gaulle kila anakokwenda. Mashirika ya habari yote yalikuwa yakisubiri risasi ipigwe, na hakuna aliyetaka kuwa wa pili kutoa habari. Basi wakiwa wanasubiri, anapiga soga na walinzi, anaona namna wanavyowajua OAS kwa sura na kwa majina. Akajiwekea kichwani kwamba hawa OAS hawamuwezi huyu mzee, kwa sababu kila mtu wao ameshajulikana. Labda wachukue mgeni kabisa. Wazo hilo alikaa nalo miaka kadhaa ndipo akaliandika.

Kwa hiyo Jackal ni wa kubuni. Lebel naye wa kubuni. Kanali Rodin anayemkodi, wa kubuni. Waziri wa Mambo ya Ndani mle kitabuni, Roger Frey, alikuwa waziri kweli. Kanali Antoine Argoud, mmoja wa wakubwa wa OAS, alitekwa kweli Munich, Februari 1963, akakutwa amefungwa kamba ndani ya gari mjini Paris. Penseli hapo inasema "Haiwezekani." Bwana, iliwezekana, tena alihukumiwa kifungo cha maisha na kuachiwa kwa msamaha mwaka 1968.

Macho Matatu

Argoud atekwe nchi ya watu, mchana kweupe, halafu unaniambia mengine ni hadithi? Haya.

Mama Kurwa

Samahanini, naomba kuuliza kitu cha kawaida. De Gaulle kila mtu anajua hakuuawa. Alijifia nyumbani kwake mwaka 1970. Sasa mtu unasoma kurasa mia tatu na zaidi ukisubiri nini? Mimi nikishajua mwisho nakirudisha kabatini.

Mzee wa Kurasa

Mama Kurwa, hilo swali lako ndilo walilouliza wachapishaji wa London.

Forsyth alikiandika Januari 1970 kwa siku 35, akiwa hana kazi wala hela. Akakizungusha kwa wachapishaji kadhaa, wakamrudishia. Hoja yao ilikuwa hiyo hiyo: nani atakisoma wakati mzee mwenyewe yupo hai anatembea? Hutchinson wakakubali, wakakitoa mwaka 1971 kwa kujihami, nakala 8,000 tu za kuanzia. Mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Edgar ya riwaya bora Marekani. Mwaka 1973 Fred Zinnemann akakitengenezea filamu.

Kinachokushika si kama atauawa au hatauawa. Kinachokushika ni namna. Nikupe kipande kimoja uone. Jackal ameshatengenezewa bunduki na fundi wa Kibelgiji, inafunguka vipande vipande. Anaenda nayo msitu wa Ardennes peke yake. Njiani amenunua tikiti sokoni. Analichora uso kwa rangi: macho, pua, mdomo. Analitia kwenye wavu wa kubebea bidhaa, analining'iniza kwenye mti, anarudi nyuma akihesabu hatua. Anapiga risasi, anaenda kutazama shimo liko wapi, anarudi, anakaza skrubu ya darubini kidogo, anapiga tena. Hana haraka. Kurasa nzima ni skrubu na tikiti. Mwisho anatia ile risasi ya kulipuka, moja tu, na kinachobaki kwenye wavu ni maganda.

Ukishasoma hapo, kila De Gaulle anapotajwa wewe unaona lile tikiti. Kwenye nakala yangu penseli hapo haikuandika neno. Kuna mstari tu pembeni, umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Mama Kurwa

Basi nimekuelewa. Na nimepoteza hamu ya tikiti.

Wakili wa Mtaa

Naomba niingie kwenye pasipoti, kwa sababu nahisi pale ndipo penseli yako ilipoandika "Uongo mkubwa".

Mzee wa Kurasa

Umepatia hapo hapo. Makaburini.

Wakili wa Mtaa

Nilijua. Kwa wasiosoma: Jackal anazunguka makaburi ya vijijini Uingereza, anatafuta kaburi la mtoto wa kiume aliyezaliwa karibu na mwaka wake akafa mdogo. Anampata. Anaomba cheti cha kuzaliwa cha yule mtoto, mtu yeyote aliweza kuomba nakala kwa kulipa ada. Kwa cheti hicho anaomba pasipoti yenye picha yake mwenyewe. Pasipoti inatoka halali kabisa, karatasi ya serikali, muhuri wa serikali. Ofisi ya pasipoti haikuwa ikilinganisha maombi na daftari la vifo.

Msomaji wa Tabora akasema uongo mkubwa. Ningekuwa mimi ningesema vilevile. Lakini pengo hilo lilikuwepo, na lilikaa wazi miaka mingi baada ya kitabu kutoka, na polisi wakaja kuliita kwa jina la kitabu chenyewe.

Tena sikilizeni hii. Novemba 1974 mbunge wa chama cha Labour, John Stonehouse, aliyewahi kuwa waziri, aliacha nguo zake ufukweni Miami akatoweka. Watu wakamlilia. Krismasi inakaribia, polisi wa Melbourne, Australia, wanamkamata Mwingereza mmoja wakidhani ni Lord Lucan, yule kabaila aliyekuwa akisakwa kwa mauaji ya yaya wa watoto wake. Kumbe ni Stonehouse, mzima wa afya, ana pasipoti ya marehemu wa jimboni kwake. Njia ile ile ya Jackal, ila yeye alichukua watu wazima waliokufa karibuni. Mwaka 1976 akala miaka saba.

Na hilo ni dogo. Polisi wa London walikuwa na kikosi cha siri kilichoanzishwa 1968, kazi yake kujipenyeza kwenye vikundi vya wanaharakati. Askari wa kikosi hicho walikuwa wakitumia majina ya watoto waliokufa, na kazi ya kwenda kutafuta jina la mtoto wenyewe waliipa jina la Jackal. Ilifichuka mwaka 2013, wazazi wakaja kuambiwa kwamba jina la mwanao uliyemzika limetembea miaka na askari, limepanga nyumba, limekuwa na mpenzi. Huko nyuma kitabuni ni ujanja wa kusisimua. Ukikutana nayo kwenye taarifa ya uchunguzi wa serikali, haisisimui hata kidogo.

Kinyozi wa Buguruni

Eeh! Karanga zimenikwama.

Mzee wa Kurasa

Wakili, asante sana. Kwa hiyo ile "Labda" ya kurasa za mbele ilikuwa na haki.

Macho Matatu

Nami nishushe yangu, kabla hamjasema nina kelele tu. Carlos the Jackal. Gaidi aliyesumbua dunia nzima. Jina lake limetoka kwenye kitabu hiki. Alikuwa akikisoma kama mwongozo wa kazi, alikutwa nacho. Hilo nalo ni chai?

Mkazi wa Ngara

Hilo ni chai na maziwa, ndugu yangu. Salamu kutoka Nairobi.

Carlos, jina lake halisi Ilich Ramírez Sánchez, raia wa Venezuela. Juni 1975 aliua watu watatu katika nyumba moja mtaa wa Toullier, Paris, wawili wao maafisa wa usalama. Akatoroka. Siku chache baadaye London, kwenye nyumba ya mwanamke aliyekuwa akimtembelea, likapatikana begi lake la silaha. Mwandishi wa gazeti la The Guardian akaitwa kuangalia. Rafuni akaona The Day of the Jackal. Basi, gazetini akawa Jackal, na jina likamganda mpaka leo. Lakini kitabu hakikuwa chake. Kilikuwa cha mwanamume mwingine aliyekuwa akiishi pale. Hakuna ushahidi kwamba Carlos alikigusa.

Fikiria hiyo nakala. Kitabu cha kawaida cha jalada jepesi, kimekaa rafuni kwa mtu mwingine, na kimebatiza gaidi ambaye hata hakukisoma. Kama ipo mahali leo, hiyo ndiyo nakala ya mtumba ningetoa hela.

Carlos alikuja kukamatwa Khartoum, Agosti 1994, Sudan wakawakabidhi Wafaransa. Yuko ndani mpaka kufa.

Macho Matatu

Sawa, hiyo nimeipokea. Lakini Argoud bado ni wangu.

Babu Biafra

Vijana mnazungumza vizuri ila mnaruka kipande kinachotuhusu sisi wa huku.

Forsyth alikuwaje hana kazi Januari 1970? Alipelekwa na BBC kuripoti vita vya Nigeria mwaka 1967. Akagombana na mabosi zake, maana yeye alichokiona upande wa Biafra hakikufanana na walichotaka London. Akaondoka BBC, akarudi Biafra kwa nauli yake, akaandika kitabu cha kuitetea, The Biafra Story, 1969. Mwezi ule ule alipokuwa akiigonga taipureta ya Jackal ndipo Biafra ilisalimu amri, Januari 15, 1970. Alitoka kule mikono mitupu, na jina lake kwenye vyombo vya habari vya Uingereza lilishachafuka.

Sasa sisi. Aprili 13, 1968, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Mwalimu akaandika mpaka kwenye gazeti la The Observer la London kueleza kwa nini. Zambia, Gabon na Ivory Coast wakafuata. Wengine Afrika walitununia. Kwa hiyo nikimsoma Forsyth mimi simsomi kama Mzungu aliyetunga hadithi ya Paris. Namsoma kama mtu aliyesimama upande tuliosimama sisi katika vita vile, na wote tukashindwa.

Hasira ile ipo kitabuni ukitazama. Wakubwa wa serikali wanakaa mezani, wanapoteza muda kwa vyeo na kulindana, na mmoja wao siri za kikao zinavuja kitandani kwake. Anayefanya kazi ni Lebel, ambaye hawamheshimu hata kidogo. Huyo aliyeandika hivyo alikuwa ametoka kuona watoto wa Biafra wakifa njaa na wakubwa wa London wakisema hali si mbaya kihivyo.

Mama Kurwa

Babu, hiyo sikuijua kabisa. Shikamoo.

Babu Biafra

Marahaba mwanangu.

Kinyozi wa Buguruni

Mimi nimeangalia ile tamthilia mpya, ya Eddie Redmayne. Kwani si ndiyo hiyo hiyo?

Mzee wa Kurasa

Si hiyo hiyo. Ile ya 2024 ni ya siku hizi, simu za kisasa, hakuna De Gaulle wala OAS, na Jackal ana mke na mtoto. Si mbaya, ila ni kitu kingine. Ya Bruce Willis ya 1997 sitaki hata kuizungumzia, na Forsyth mwenyewe hakutaka ihusishwe na kitabu chake. Ukitaka filamu, itafute ya 1973. Edward Fox hacheki, hafoki, anatembea tu, na inatosha.

Kitu ambacho skrini za siku hizi haziwezi kukupa ni kazi ya Lebel. Hana kompyuta. Ana simu na msaidizi mmoja, Caron, na kahawa nyingi. Usiku mzima anapiga simu kwa wakuu wa upelelezi wa nchi kadhaa, mmoja mmoja, anauliza swali moja kwa upole: mnamfahamu mdunguaji wa kukodi wa kiwango hiki? Halafu kuna kadi za hoteli. Ufaransa ya wakati ule kila mgeni alijaza kadi, kadi zinakusanywa, zinapelekwa polisi. Watu wanakaa chini wanazipekua kwa mikono, maelfu, wakitafuta jina moja. Na kila mara jina likipatikana mtu ameshaondoka asubuhi ile, ameshabadilisha nywele na pasipoti.

London nako wanaokota uvumi kwamba kuna Mwingereza alihusika mauaji ya Rafael Trujillo, dikteta wa Jamhuri ya Dominika. Trujillo aliuawa kweli, Mei 30, 1961. Mwingereza ndiyo chumvi ya Forsyth. Mnaona anavyofanya? Kifo cha kweli, juu yake uvumi wa kutunga, na kwa sababu kifo unakijua, uvumi unapita bila kukaguliwa.

Mkazi wa Ngara

Mzee wa Kurasa, turudi kwenye nakala yako. Fungua ukurasa wa haki za kunakili, nyuma ya ukurasa wa jina. Kuna namba gani, na kuna orodha ya miaka?

Mzee wa Kurasa

Kuna "Hutchinson 1971" juu, kisha Corgi 1972, kisha mistari mirefu ya kuchapwa upya. Namba inaanza na 552, mbele yake kuna sifuri.

Mkazi wa Ngara

Hiyo 552 ni ya Corgi. Vitabu vya mwishoni mwa sitini na mwanzoni mwa sabini vilikuwa na namba ya utambulisho ya tarakimu tisa, SBN. Baadaye ikaongezwa sifuri mbele ikawa ISBN ya tarakimu kumi. Yako ina sifuri, na ina mistari mingi ya kuchapwa, kwa hiyo ni ya baadaye kidogo. Inaendana na ile 1977 ya Tabora.

Niseme wazi wengine wasije wakapandishiwa bei: Corgi hizi zilichapwa kwa wingi mno. Thamani yake sokoni ni ya kununulia chai na maandazi. Zinazotafutwa na wakusanyaji ni za Hutchinson 1971 zenye jalada gumu na karatasi yake ya nje, ziwe za mchapo wa kwanza. Hizo zinaanzia mamia ya pauni. Ya Viking ya New York ya mwaka ule ule nayo ina wenyewe. Ukikuta jalada gumu lisilo na bei kwenye mkunjo wa ndani wa ile karatasi ya nje, kuwa macho, huenda ni toleo la klabu ya vitabu, halina thamani ile.

Hapa Nairobi wauzaji wa barabarani wakishaona neno "1971" wanakwambia ni ya kwanza. Kila nakala itaandikwa 1971 mahali fulani. Angalia kinachofuata chini yake.

Wakili wa Mtaa

Lakini yenye penseli ya Tabora ni moja tu.

Mkazi wa Ngara

Hiyo kweli, na mimi ningeinunua kuliko ile safi.

Fundi Jalada

Naona mnazungumza, hakuna anayemwambia mzee atakitunzaje. Karatasi ya vitabu hivi ni ya bei rahisi, ya massa ya mbao yenye asidi, ndiyo maana inakahawia na kuwa ngumu kama biskuti. Ile harufu tamu mnayoipenda ni karatasi inayooza taratibu. Kuizuia kabisa huwezi, unaipunguzia kasi tu.

Kwa Dar adui wa kwanza ni unyevu. Usikiweke ukutani upande wa bafu, usikifunge ndani ya plastiki moja kwa moja, kitaota ukungu. Simamisha rafuni, pasigusane na ukuta, hewa ipite. Ukihofia mayai ya wadudu, kifunge vizuri kwenye mfuko usioingiza hewa, kilaze kwenye friza wiki mbili hivi, ukitoa usifungue mfuko mpaka kirudi joto la kawaida, la sivyo kitatokwa jasho. Mgongo uliopasuka usiubandike solotepu! Ile gundi inageuka njano, inakula karatasi. Na usikifungue kikalala bapa, gundi ya zamani imekauka, kurasa zitakutoka mkononi moja moja.

Penseli haina shida. Penseli itakaa kuliko wino wa ile "Tabora".

Mzee wa Kurasa

Fundi, ubarikiwe. Solotepu nilikuwa nimeshainunua. Nairudisha droo.

Kinyozi wa Buguruni

Sisi ambao Kingereza cha kurasa mia tatu kinatukata pumzi tufanyeje? Nimelelewa na Willy Gamba.

Babu Biafra

Huna haja ya kuona haya. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba kwa Kiswahili, na riwaya yake ya Njama ilitoka 1981, watu walikuwa wakiazimana mpaka inachanika. Tafuta hizo nazo kwenye meza za mitumba, zimekuwa adimu kuliko hizi za Forsyth. Corgi utaikuta kila kona. Musiba wa toleo la zamani ukimkuta, lipa bila kuvutana.

Mama Kurwa

Mzee, hujamalizia. Siku yenyewe inakuwaje? Mimi nimeshajua hafi, niambie tu namna.

Mzee wa Kurasa

Asiyetaka kujua aruke hapa.

Agosti 25, siku ya kukumbuka Paris ilipokombolewa mwaka 1944. (Agosti 25 pia ni siku ya kuzaliwa ya Forsyth, alizaliwa 1938. Sijui kama alijichekesha.) De Gaulle anawavisha nishani wazee wa vita, uwanja mbele ya stesheni ya Montparnasse. Barabara zote zimefungwa. Anakuja mzee mmoja mchafu, mguu mmoja, anajikokota kwa gongo, ana nishani kifuani, karatasi zake zinasema anaishi mtaa ule. Askari kijana anamhurumia, anampisha. Mguu wa pili umefungwa kwa nyuma ndani ya koti. Bunduki ndiyo gongo lenyewe, mirija ya chuma.

Anapanda ghorofani, anaunganisha, analenga. De Gaulle alikuwa mrefu, mita 1.96. Anamvisha mkongwe mmoja nishani, na Jackal anavuta kifyatulio. Wakati ule ule rais anainama ghafla kumbusu yule mkongwe mashavuni, kama Wafaransa wanavyofanya. Risasi inapita nyuma ya kichwa. Mwingereza hakuwa amelifikiria hilo. Amepanga makaburi, pasipoti, rangi ya gari, tikiti, vyote. Desturi ya watu ya kubusiana ndiyo iliyomponyoka.

Lebel anafika mlangoni Jackal akitia risasi nyingine. Yaliyobaki soma mwenyewe. Ila ujue kwamba baada ya yote polisi wa London wanagundua yule mtu waliyemdhania ndiye Jackal yuko hai, karudi likizo. Kwa hiyo waliyemzika Paris hakuna anayemjua ni nani.

Macho Matatu

Umeona? Hata mwandishi hamjui! Halafu mnaniambia mimi.

Mama Kurwa

Macho Matatu wewe hutibiki. Mzee, nakitafuta wikiendi hii. Nikikosa nitakuja kukuazima.

Mzee wa Kurasa

Kuazima hapana, nitakuelekeza kwa jamaa. Alikuwa na nyingine mbili tatu za mwandishi huyo huyo. Niliona The Odessa File, imechoka ila kamili.

Wakili wa Mtaa

Odessa usiiache! Ile ina Eduard Roschmann, kamanda wa Kinazi wa ghetto ya Riga, mtaa waliofungiwa Wayahudi, ambaye alikuwa mtu wa kweli, na alikuwa mafichoni Argentina kitabu kinatoka 1972. Filamu ikafuata 1974, jina likaenea. Mwaka 1977 Argentina ikaanza kumtafuta, akakimbilia Paraguay, akafia Asunción mwaka ule ule. Hapo riwaya ilimfukuza mtu halisi kutoka kwenye...

Mzee wa Kurasa

Wakili, subiri subiri. Hiyo ifungulie uzi wake, hapa tutachanganya madesa.

Kinyozi wa Buguruni

Nihamishieni karanga zangu kule.